Lengo la Siku Kiwandani Lihesabiwe Pamoja na Mapumziko

Katika kiwanda cha nguo, mshonaji aliye kwenye laini hupewa kazi moja tu, kwa mfano kushona mfuko wa nyuma wa suruali, na hutakiwa kufikisha idadi fulani ya vipande kabla ya zamu kwisha. Hiyo ndiyo tageti. Si kosa kuwa nayo, kwa kuwa bila hesabu hakuna mzigo utakaotoka kwa wakati. Kosa huanza pale inapopangwa kana kwamba anayeshona hachoki.

Tuchukue mfano. Mfuko mmoja ukishonwa kwa sekunde 48, saa moja hutoa mifuko 75, na saa 8 za kazi hutoa 600. Msimamizi akiandika 600 ubaoni, amehesabu siku ambayo uzi haukatiki, sindano haivunjiki, bobini (kigurudumu kidogo cha uzi wa chini ya cherehani) haibadilishwi na hakuna anayekwenda msalani. Siku ya namna hiyo haipo. Ikitengwa asilimia 15 ya muda kwa mambo hayo, lengo linakuwa mifuko 510, nalo linafikika leo, kesho na mwezi ujao kwa mtu yuleyule.

Lengo lisipopunguzwa, mshonaji hulipa tofauti hiyo kwa mwili wake. Hupunguza kunywa maji ili asiinuke kwenda chooni, jambo linaloumiza kichwa, linalopunguza umakini na linaloongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo. Hula kwa dakika chache na kurudi kwenye cherehani. Kufikia alasiri mshono unapinda, vipande vinarudishwa kufumuliwa, na muda uliookolewa mchana unapotea wote. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za kiafya, limeutaja uchovu uliokithiri wa kazini kuwa hali itokanayo na msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kushuka kwa ufanisi. Hiyo ya tatu waajiri waitazame kwa makini, maana inagusa moja kwa moja uzalishaji wanaoutafuta.

Kwa upande wake, mshonaji ana mambo kadhaa yaliyo ndani ya uwezo wake. Mwendo uwe mmoja tangu asubuhi, kwa kuwa anayekimbia saa mbili za kwanza hulegea baadaye na kufumua zaidi. Bobini za akiba zijazwe kabla ya kuanza, na fungu la vitambaa liwekwe mahali mkono unapofika bila kiuno kujipinda. Kujipinda mara moja si kitu, lakini kujipinda mara mia tano kwa siku ni jeraha. Cherehani ikianza kuruka mishono, fundi mitambo aitwe papo hapo na dakika za kusimama ziandikwe, ili zisihesabiwe kuwa uvivu wa mtu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa saa 9 za kawaida kwa siku na saa 45 kwa wiki. Anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya angalau dakika 60, na kati ya siku moja ya kazi na inayofuata apate angalau saa 12 za kupumzika. Kazi ya ziada hufanywa kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Kumbakiza mtu bila malipo kwa sababu hakufikisha tageti ni kwenda kinyume na masharti hayo, hata kama jambo hilo limezoeleka kiwandani.

Mfanyakazi anayeona lengo halifikiki aanze kwa kuandika kwa siku kadhaa idadi ya vipande alivyotoa na dakika zilizopotea pamoja na sababu zake, kisha apeleke maandishi hayo kwa msimamizi, kwa mwakilishi wa usalama na afya au kwa chama cha wafanyakazi. Pasipopatikana suluhu, aende kwa Afisa Kazi wa eneo lake, na kwa masuala ya afya na usalama, aende OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.