Kitunguu Saumu cha Bustanini: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kosa la kwanza hutokea kabla punje haijagusa udongo. Wengi hupeleka punje nono jikoni na kuzipanda zile nyembamba, wakiamini kwamba mbegu ni mbegu tu, ilhali punje ndiyo akiba inayoulisha mmea mchanga, na kwa kawaida punje kubwa huzaa kitunguu kikubwa. Tena, ukichimbua kitunguu cha duara kisichogawanyika, usiharakishe kuilaumu mbegu: mara nyingi mmea haukupata wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, ambayo ndiyo huuchochea kugawa punje. Kitunguu hicho kinalika, na kinaweza pia kupandwa msimu unaofuata.

Dhana nyingine ni kwamba majani yote yakauke ndipo mtu ang'oe. Shika mmea mmoja, ufuate jani kutoka nchani hadi chini: utaona kwamba linaishia kuwa ganda linalokizunguka kitunguu. Kwa hiyo kila jani linapokauka, ganda moja nalo huanza kuoza ardhini, na yakikauka yote utachimbua punje zilizoachana, ambazo hazitadumu ghalani. Ng'oa majani ya chini yanapokuwa yamekauka na matano au sita ya juu yakiwa bado ya kijani, baada ya kusitisha kumwagilia kwa takriban wiki 2. Usivioshe vitunguu, vikung'ute udongo, kisha vianike kivulini penye hewa kwa wiki 2 hadi 4. Baada ya hapo havihitaji friji, kwani ubaridi wake ndio hasa unaoziamsha punje zichipue.

Hayo yote hugharimu mavuno tu. Dhana inayonitia hofu ni ile isemayo kwamba punje zilizomenywa na kuzamishwa katika mafuta zitakaa kabatini kwa miezi, kwa kuwa mafuta huzuia hewa. Kuzuia hewa huko ndiko kwenye hatari. Udongo hubeba spora, yaani chembe sugu zilizolala, za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye hustawi pasipo hewa na penye asidi kidogo, na kitunguu saumu kina asidi kidogo mno kuweza kumzuia. Kuchemsha kwa nyuzi 100 hakuziui spora hizo kwa uhakika, na sumu yake, inayopooza misuli hadi ya kupumulia, inaweza kuwamo bila harufu wala ladha ya kukuonya. Mwaka 1985, mjini Vancouver nchini Kanada, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichokatwakatwa na kuwekwa katika mafuta, kisha kikahifadhiwa nje ya friji. Ukipenda mafuta hayo, nami sikukatazi, tengeneza kidogo, yaweke kwenye friji na uyamalize ndani ya siku 4, au yagandishe mara moja.

Siki ni habari tofauti, maana asidi yake humzuia bakteria huyo. Hata hivyo, chupa ikae kwenye friji. Kinachowashtua watu ni punje kugeuka kijani au buluu humo, wakadhani zimeingia sumu na kuzimwaga. Rangi hiyo hutokana na viambato vya salfa vya kitunguu chenyewe vinapokutana na asidi, na punje hizo zinalika bila madhara.