Asiyeonekana Mtandaoni Si Mvivu: Dhana Potofu Kuhusu Masomo ya Nyumbani

Mwaka 2024 shule za Kenya zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili kwa muhula wa pili. Mafuriko yalikuwa yameharibu madarasa, vyoo na barabara katika kaunti nyingi, ufunguzi ukasogezwa wiki moja, ukasogezwa tena, na watoto wakarudi tarehe 13 Mei. Zilikuwa wiki mbili tu. Lakini kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa langu, wiki hizo mbili zilitosha kuyafufua maneno niliyoyasikia mwaka 2020 wakati wa korona: fulani ni mvivu, fulani wazazi wake hawajali, sisi hatukusoma kwa hiyo tumwachie mwalimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Likoni, Mombasa. Baadhi ya maneno hayo niliwahi kuyasema mwenyewe, tena nikayaandika kwa kalamu nyekundu. Ndiyo maana nataka kuyajibu.

“Asiyetuma kazi hana bidii”

Tarehe 15 Machi 2020, siku mbili baada ya kisa cha kwanza cha korona kutangazwa nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe. Nilikuwa na darasa la sita, watoto 52. Tulifungua kundi la WhatsApp, wakaingia 21 kupitia simu za wazazi wao. Kila Jumatatu nilituma picha ya ukurasa wa kitabu na maswali kumi. Kila Ijumaa niliweka alama kwenye orodha: ametuma, hajatuma. Kufikia Juni kulikuwa na majina yenye safu nzima ya “hajatuma”, na kando ya machache kati yake niliandika “hajitumi”.

Mmoja wao alikuwa msichana mpole aliyezoea kuketi karibu na dirisha. Shule zilipofunguliwa kwa madarasa yote, tarehe 4 Januari 2021, alinijia mezani na daftari la kurasa 96 lililojaa. Kila ukurasa una tarehe. Alikuwa akienda kwa jirani kusikiliza vipindi vya masomo vya Radio Taifa, akinakili alichokidaka, kisha akijipa maswali mwenyewe kutoka kitabu cha zamani cha kakake. Simu ya nyumbani ilikuwa moja. Iliondoka alfajiri na baba kwenda kibaruani ng’ambo ya kivuko, ikarudi jioni karibu na saa ya kafyu ikiwa imezima kwa kukosa chaji. Pesa ya bando ilikuwa ndiyo pesa ya unga.

Orodha yangu, basi, ilihesabu simu. Bidii ya watoto haikuwamo.

Na hili halikuwa la Likoni peke yake. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba nyumba zenye redio zilizidi nusu kidogo, zenye runinga zilikuwa karibu nne katika kila kumi, na zenye intaneti hazikufika moja katika kila tano. Ulimwenguni, UNICEF ilikadiria mnamo Agosti 2020 kwamba watoto milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali ya aina yoyote, iwe redio, runinga au mtandao, na wengi wao walikuwa wa mashambani au wa familia maskini. Ukimpima mtoto wa namna hiyo kwa picha za WhatsApp, utampa sifuri kabla hajashika kalamu.

Sisemi hakuna aliyezembea. Wapo waliokuwa na simu, runinga na chumba chao, na hawakufungua kitabu miezi tisa. Ila huwezi kuwatambua kwa orodha ya waliotuma. Utawatambua kwa kuuliza: simu mchana iko kwa nani? Nani anakaa na mtoto mchanga? Taa iko? Mtoto anaandikia wapi? Msichana anayechota maji asubuhi, anayepika adhuhuri na kumbembeleza mdogo wake alasiri hana kasoro ya tabia. Hana nafasi, na nafasi ni kitu ambacho watu wazima wa nyumba wanaweza kumpa, hata ikiwa ni saa moja tu kwa siku.

“Mzazi ambaye hakusoma hana la kumsaidia mwanawe”

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, kwa sababu wazazi wenyewe ndio huisema. “Mwalimu, mimi niliishia darasa la tatu, hesabu zenu hizi sizijui.” Akishasema hivyo hujiweka kando, na mtoto hubaki peke yake na kitabu.

Mwaka huo wa 2020, Noam Angrist, Peter Bergman na Moitshepi Matsheng walifanya jaribio nchini Botswana na familia takriban 4,500. Baadhi ya familia zilipokea ujumbe mfupi wenye hesabu kila wiki. Nyingine zilipokea ujumbe huohuo, na juu yake simu ya dakika 15 hadi 20 ambapo mwalimu alizungumza na mzazi na mtoto, simu ikiwa kwenye spika, wakaifanya hesabu pamoja. Nyingine hazikupata chochote. Simu ya kubonyeza ilitosha, hakuna aliyehitaji bando. Watoto waliopata ujumbe na simu walipiga hatua inayoonekana katika hesabu. Ujumbe mtupu haukuleta tofauti ya kuaminika. Na kuna jambo jingine katika matokeo yale ambalo mimi naliona kubwa: wazazi walianza kujua kwa usahihi zaidi mwana wao amefika wapi. Mzazi aliyedhani mtoto anajua kugawanya aligundua bado yuko kwenye kutoa.

Lazima niseme pia kwamba hapa Kenya, kipindi hichohicho, jaribio lililofanana na hilo katika shule za binafsi za ada nafuu halikupandisha alama za hisabati, ingawa watoto waliona zaidi kuwa walimu wanawajali. Kwa hiyo simu si dawa ya kila ugonjwa. Maoni yangu, baada ya kupiga simu nyingi za namna hiyo, ni kwamba simu hufaa pale swali linapolingana na kiwango cha mtoto na mzazi anapokuwa ameketi pale pale akisikia. Mwalimu akizungumza na mtoto huku mama yuko sokoni, wiki nzima hadi simu inayofuata hakuna anayejua la kufuatilia.

Mzazi afanye nini basi, kama hesabu yenyewe haijui? Mwaka 2008 Erika Patall na wenzake nchini Marekani walichambua tafiti nyingi kuhusu wazazi na kazi ya ziada ya nyumbani. Kati ya njia walizozitazama, iliyohusiana zaidi na matokeo mazuri ilikuwa ni mzazi kuweka utaratibu: saa ya kusoma, mahali pa kusomea, kazi kwanza kisha mchezo. Katika hisabati, ushiriki wa mzazi ulihusiana hata na alama za chini, labda kwa sababu mtoto anayelemewa ndiye anayesaidiwa zaidi, labda kwa sababu mzazi hufundisha njia tofauti na ya darasani. Kwa vyovyote vile, kuweka utaratibu hakuhitaji cheti.

Namjua bibi mmoja wa Mtongwe aliyelea wajukuu watatu kipindi hicho. Hajui kusoma. Kila siku baada ya alasiri aliketi barazani na mbuzi yake ya nazi, akamwita mjukuu: “Haya, nisomee nisikie. Kisha unambie maana yake.” Asipoelewa, anauliza tena. Mtoto akibabaika, anarudi kitabuni mwenyewe. Yule mtoto alirudi darasani akiweza kueleza kisa kizima cha kifungu cha ufahamu bila kutazama, na wenzake waliokuwa na simu kubwa hawakuweza.

“Kusaidia ni kuhakikisha majibu yote ni sahihi”

Mwalimu huijua hati ya mtu mzima. Huijua pia picha ya mmea iliyochorwa na shangazi anayesoma chuo kikuu. Mzazi anayemfanyia mtoto kazi hana nia mbaya, anaogopa mwanawe aaibike. Lakini kosa la mtoto ndiyo habari ninayoihitaji. Mtoto akiandika kwamba 1/2 ukijumlisha na 1/3 ni 2/5, najua mara moja nianzie wapi kesho. Ukilifuta na kuandika jibu sahihi, umeniondolea njia ya kumfikia. Mwache akosee, kisha kando yake uandike: “hapa alikwama.”

“Mtoto aliyekaa na simu saa nne amesoma saa nne”

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lao na wanafunzi wa chuo. Waliosoma kifungu mara kwa mara walijibu vizuri zaidi walipoulizwa papo hapo. Lakini baada ya wiki, waliokisoma kisha wakajilazimisha kukikumbuka bila kutazama ndio waliokumbuka zaidi. Kazi ile ngumu ya kufunga kitabu na kujiuliza “kilisemaje?” ndiyo inayobaki kichwani. Nusu saa ya namna hiyo naithamini kuliko asubuhi nzima ya kutazama video moja baada ya nyingine huku mtoto akitikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Mzazi anaweza kuipima bila kujua somo: funga kitabu, niambie mambo matatu uliyoyasoma.

“Wenye intaneti nzuri hawakupoteza kitu”

Uholanzi ni miongoni mwa nchi zenye intaneti bora duniani, na shule zake zilifungwa wiki nane tu mwaka 2020. Per Engzell, Arun Frey na Mark Verhagen walilinganisha mitihani ya kabla na ya baada, wakakuta watoto wa shule za msingi wamepungukiwa kiasi cha moja ya tano ya mwaka wa masomo. Yaani kwa wastani ni karibu kama hawakujifunza kitu kipya wakiwa nyumbani. Kwa watoto wa wazazi wenye elimu ndogo, pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa hadi asilimia 60.

Nalitaja hili kwa ajili ya mzazi aliyenunua kipakatalishi kwa mkopo na sasa anajilaumu, au anamlaumu mtoto, kwamba matokeo hayakuja. Kifaa hufungua mlango tu. Mtoto wa miaka kumi bado anahitaji mtu wa kumwambia keti, anza, na wa kugundua kwamba tangu juzi hajaelewa.

“Shule zikifunguliwa watafidia wenyewe”

Tarehe 8 Oktoba 2005 tetemeko kubwa liliipiga kaskazini mwa Pakistani. Shule za eneo hilo zilifungwa kwa wastani wa wiki kama 14. Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das waliwapima watoto miaka minne baadaye. Waliokuwa karibu na ufa wa tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa shule. Wiki 14 haziwezi kuzaa pengo la mwaka mmoja na nusu. Pengo liliendelea kupanuka baada ya milango kufunguliwa, na maelezo ya karibu zaidi ni kwamba watoto walirudi wakakuta somo limesonga mbele, na kila wiki wakaachwa zaidi. Watoto ambao mama zao walikuwa wamemaliza angalau shule ya msingi hawakuwa na pengo hilo.

Jambo hilo la akina mama halipingani na niliyoyasema kuhusu bibi wa Mtongwe. Elimu ya mzazi ina uzito, hilo halikanushiki. Ndiyo sababu shule inawajibika zaidi kwa mtoto ambaye nyumbani hana mtu wa namna hiyo.

Sisi Kenya tulifanya nini? Mnamo Julai 2020 waziri wa elimu wa wakati huo, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne walirudi tarehe 12 Oktoba, wengine wakasubiri Januari. Kisha kalenda ikabanwa, mihula ikafupishwa, tukakimbizana na silabasi hadi ratiba iliporudi kawaida mwaka 2023. Majirani zetu Uganda, ambako shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, walikuwa na mzigo mkubwa zaidi. Naelewa sababu za kubana kalenda. Lakini nilisimama mbele ya watoto niliopaswa kuwafundisha asilimia, na theluthi yao walikuwa wamesahau kugawanya. Silabasi ilisema asilimia. Niliamua kurudi kwenye kugawanya wiki tatu, na sijutii, ingawa nilichelewa nyuma ya darasa jirani muhula mzima.

Mei 2024, mafuriko yalipotuzuia, sikutuma picha ya ukurasa kwa kundi. Nilichukua orodha ya gredi ya tano, nikaanza na wale wasiokuwa kwenye WhatsApp, nikapiga simu wanne kila jioni. Swali la kwanza halikuwa kuhusu kazi. Nilimuuliza mzazi: simu hii huwa nyumbani saa ngapi? Baba mmoja, fundi wa pikipiki, alikaa kimya kidogo kisha akasema, “Mwalimu, mchana sina la kukuahidi. Lakini saa moja na nusu jioni nakuwa nimefika. Piga hapo, nitamketisha karibu yangu.” Nilipiga saa moja na nusu. Alikuwa ameshamtafutia kalamu.