Brutalizimu haitokani na ukatili, inatokana na zege

Kila nikitaja brutalizimu, huu mtindo wa usanifu wa majengo, mbele ya watu wasio wa fani lazima mmoja aulize "si ndo yale majengo ya kikatili?" na mimi naanza upya. Jina limetoka kwa Wafaransa, béton brut, yaani zege ghafi, zege lililoachwa kama lilivyotoka kwenye mbao za kulimwagia, bila plasta wala rangi. Na cha kushangaza, nyumba ya kwanza kuitwa hivyo, karibu na 1950, ilikuwa ya matofali! Ni Villa Göth, kule Uppsala Sweden, na aliyeiita hivyo ni msanifu Hans Asplund. Wasanifu wa Kiingereza Alison na Peter Smithson wakalidaka jina hilo, shule yao ya Hunstanton ya 1954 ni vyuma na matofali na mabomba yapo nje nje unayaona. Wazo lenyewe lilikuwa hilo, usifiche kitu.

Zege limeingiaje sasa? Twende Marseille. Unité d'Habitation ya msanifu Le Corbusier ilikamilika 1952, fleti 337 kwenye jengo moja lililosimama juu ya miguu minene, na mpango wa mwanzo ulikuwa fremu ya chuma, lakini vita ilikuwa imeisha juzi tu na chuma hakipatikani, ikabidi wahamie kwenye zege. Makandarasi walikuwa wengi, kila mmoja na mkono wake, mbao zikifunguliwa unakuta hapa pamenyooka pale pamevimba. Le Corbusier akaamua liachwe hivyohivyo, mistari ya mbao na yote.

Aliyewahi kusimama saiti siku ya kufungua fomu, yaani zile mbao za kumwagia zege, anajua uamuzi huo una uzito gani. Nakumbuka nguzo moja tuliyoifungua asubuhi, upande mmoja safi kabisa unaona mpaka macho ya ubao, ukizunguka nyuma kokoto ziko uchi na matundu kama sega la nyuki, kwa sababu vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishikane, haikufika pale kwenye kona nondo zilipobanana. Kwenye jengo la kawaida plasta inafunika, maisha yanaendelea. Kwenye zege ghafi hakuna pa kukimbilia, kwa hiyo seremala anayepanga zile mbao ndiye anayechora sura ya jengo, na mimi hilo ndo linalonifanya niyapende haya majengo kuliko mengine yote.

Ndo maana naamini mtindo huu ulishika mizizi zaidi kwenye nchi zenye mikono mingi na chuma kidogo. Chandigarh India, mji ambao Le Corbusier alianza kuushughulikia 1951, zege lilipandishwa juu kwa vichwa vya watu, akina mama wengi tu, wamebeba makarai (na hili neno karai sisi wenyewe tumelitoa kwa Wahindi). Brazil nao wakalifanya lao kabisa: kitivo cha usanifu cha Vilanova Artigas pale São Paulo, 1969, unaingia moja kwa moja kutoka nje, hakuna mlango, na jumba la sanaa la MASP la Lina Bo Bardi, 1968, limening'inizwa zaidi ya mita 70 bila nguzo katikati ili watu wabaki na uwanja chini yake. Marekani ikapata ukumbi wa jiji la Boston, London ikapata Barbican, mtaa mzima wa fleti na kumbi za sanaa, ambako mafundi waligongagonga zege kwa mkono mpaka kokoto zikatokeza, kuta na kuta.

Na sisi tuna Kariakoo. Soko lililosanifiwa na Beda Amuli, la miaka ya sabini, wengi hawaliweki kwenye kundi hili ila mimi naliweka bila wasiwasi. Zile faneli kubwa za zege juu ni paa, ni kivuli, zinakinga maji ya mvua, zinaacha joto lipande na litoke. Lilipoungua Julai 2021 niliumia kama nimefiwa.

Yanachukiwa kwa nini basi? Mara nyingi ni matunzo. Robin Hood Gardens, fleti za hao hao Smithson, London, ilikamilika 1972 na 2017 wakaanza kuibomoa. Zege likipata ufa maji yanaingia, nondo inapata kutu, kutu inavimba na kusukuma zege nje vipandevipande, na huku pwani chumvi ya hewani inaharakisha mambo, hasa kama biskuti, vile vipande vinavyotenga nondo na fomu, ziliwekwa nyembamba na nondo ikakaa karibu na uso. Watu wanaona doa wanaleta rangi. Msilete rangi jamani. Chukua nyundo ndogo ugonge taratibu ukisikiliza, likilia kavu na kali ni zima, likilia kama debe tupu kutu imeshaanza ndani, hapo chimba mpaka uzunguke nyuma ya nondo, isugue ing'ae, ndo uanze kuziba.