Mchango wa elimu na afya katika uchumi wa jimbo la Marekani: dhana potofu na ukweli

Mabunge ya majimbo ya Marekani yanapojadili bajeti, vyuo vikuu na hospitali hupeleka ripoti zinazotaja mabilioni ya dola ambayo taasisi hizo huuingizia uchumi wa jimbo. Mara nyingi hesabu zenyewe hazina kasoro, ila zinajibu swali tofauti na lile ambalo msomaji anadhani limejibiwa.

Dhana: mapato ya hospitali ndiyo mchango wake.

Mchango wa sekta hupimwa kwa thamani iliyoongezwa, yaani kinachobaki baada ya kuondoa gharama za bidhaa na huduma zilizonunuliwa kwa wengine. Dawa iliyotengenezwa katika jimbo jingine, hata kama imo katika ankara ya mgonjwa, ni pato la jimbo lenye kiwanda. Hii ni sababu mojawapo kwamba mwaka 2023 matumizi ya afya ya Marekani yalifikia asilimia 17.6 ya pato la taifa, ilhali thamani iliyoongezwa ya sekta ya huduma za afya na ustawi wa jamii haikufika asilimia 10.

Dhana: mstari wa "huduma za elimu" katika pato la jimbo unajumuisha elimu yote.

Naliona kosa hili kuwa zito kuliko mengine, kwa kuwa linaifuta kazi ya watu wengi mno. BEA, ofisi ya serikali kuu inayokokotoa pato la kila jimbo, huweka katika mstari huo shule na vyuo binafsi pekee. Mwalimu wa shule ya umma na mhadhiri wa chuo kikuu cha jimbo huhesabiwa chini ya serikali, pamoja na polisi na makarani, ingawa zaidi ya wanafunzi wanane kati ya kumi wa shule za msingi na sekondari nchini humo husoma katika shule za umma. Kwa hiyo Massachusetts, yenye vyuo vikuu binafsi vikubwa, huonekana kuyazidi mno kielimu majimbo yanayotegemea vyuo vya umma, na sehemu ya tofauti hiyo hutokana na aina ya umiliki tu. Hospitali za kaunti na za wanajeshi wastaafu nazo hupotea katika hesabu ya afya kwa njia hiyohiyo. Anayetaka picha kamili hana budi kurejea takwimu za ajira, ambazo hutenganisha waajiri wa umma na wa binafsi ndani ya kila sekta, kisha awajumlishe mwenyewe.

Dhana: kila dola inayotumiwa na chuo huzaa dola nyingine mpya jimboni.

Vizidishi vinavyotajwa katika ripoti, yaani namba zinazodai dola moja huzaa dola ngapi kwa jumla, hutoka kwenye majedwali ya pembejeo na mazao, yanayoonyesha kila sekta inanunua nini kwa nyingine, kazi iliyompatia mwanauchumi Wassily Leontief Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Jedwali huonyesha dola ikiingia inazunguka vipi. Haliulizi imetoka wapi. Mkazi anayelipa karo katika chuo cha jimbo lake angeweza kuitumia fedha hiyo kwa jambo jingine papo hapo jimboni. Fedha mpya ni ile ya mwanafunzi aliyetoka nje, ya mgonjwa aliyesafiri hadi Rochester, Minnesota, kutibiwa katika hospitali ya Mayo Clinic, au ruzuku ya utafiti kutoka serikali kuu. Hata Medicaid, bima ya afya ya umma kwa watu wa kipato cha chini, huhitaji uangalifu: serikali kuu hulipa angalau nusu ya gharama za matibabu, na sehemu inayobaki hubebwa na jimbo lenyewe. Mchambuzi mwaminifu hulinganisha jimbo lilivyo na jimbo ambalo lisingekuwa na taasisi hiyo, na mara nyingi jibu lake huwa dogo kuliko lile la ripoti.

Dhana: gharama zikipanda, mchango umepanda.

Kwa kuwa huduma nyingi za umma haziuzwi kwa bei ya soko, thamani yake huchukuliwa kuwa sawa na gharama za kuzitoa: mishahara, vifaa na uchakavu wa majengo. Mishahara ikiongezwa, takwimu kwa bei za mwaka husika hupanda hata kama wanafunzi hawakujifunza zaidi. Wakijifunza zaidi kwa mishahara ileile, takwimu hizo hazisogei. Uingereza ilianza mwaka 1998 kuhesabu wanafunzi na matibabu badala ya gharama pekee, na mapitio ya mwanauchumi Tony Atkinson ya mwaka 2005 yakahimiza ubora nao uingizwe katika kipimo.

Dhana: sekta hizi hula kodi bila kuzalisha.

Kufundisha na kutibu ni uzalishaji, na zao lake kubwa huonekana katika mistari ya sekta nyingine kwa miaka mingi. Makadirio ya wanauchumi Jorgenson na Fraumeni ya mwaka 1989 yaliipa elimu na ujuzi wa Wamarekani thamani inayozidi sana ile ya majengo na mitambo yao. Lakini hesabu za pato la jimbo hazina mahali pa kuuandika utajiri huo: muuguzi aliyesomeshwa Ohio akihamia Texas, gharama za masomo yake hubaki katika vitabu vya Ohio, na mshahara wake huingia katika pato la Texas.