Chungwa lililomenywa huzama: dhana potofu kuhusu sayansi ya watoto wadogo

"Sayansi inataka maabara." Nafundisha darasa la awali, na kauli hii huniuma kila ninapoisikia kwa wazazi, kwa sababu maabara wameiacha jikoni. Aliyewahi kufua kanzu iliyodondokewa mchuzi anajua: ukipaka sabuni ya mche, doa la njano hugeuka jekundu. Wengi hudhani nguo imeharibika. Kumbe rangi ya manjano, kile kiungo cha mchuzi, hubadilika ikikutana na besi, kama sabuni au magadi. Koroga manjano kwenye maji kidogo, paka karatasi nyeupe, iache ikauke. Mpe mtoto achore juu yake kwa kijiti kilichochovywa maji ya magadi. Mstari mwekundu wa kahawia utatokea mbele ya macho yake. Akiukamulia ndimu, utarudi njano.

"Kizito huzama, chepesi huelea." Tia chungwa zima kwenye ndoo ya maji, litaelea. Limenye, lirudishe: litazama. Umelipunguzia uzito, na ndipo limezama! Ganda lina vijitundu vingi vyenye hewa, hulibeba chungwa kama boya. Ila limenye kwa vidole mpaka ule weupe utoke. Wauza machungwa wa barabarani huparua ngozi ya juu tu, na boya lenyewe ni ule weupe wanaouacha.

"Maji hupanda ndani ya glasi kwa sababu mshumaa umemaliza oksijeni." Hii tunaifundisha hata sisi walimu, nami niliifundisha miaka mingi. Unasimamisha mshumaa kwenye sahani yenye maji, unauwasha wewe mwenyewe (kiberiti si cha mtoto), unaufunika kwa glasi. Moto unazimika, maji yanapanda. Na kwa kuwa oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, maji yakifika karibu moja ya tano ya glasi tunaona hesabu imekubali. Lakini angalia yanapanda saa ngapi. Mshumaa ukiwa unawaka, maji hutulia karibu palepale. Hupanda kwa kasi moto ukishazimika. Joto lilitanua hewa, nyingine ikatoroka kwa chini, na ukiwahi kuinama utaona viputo. Moto ulipozimika, hewa iliyobaki ikapoa na kusinyaa, mvuke ukawa matone, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Oksijeni ilipungua, lakini haikuisha. Mshumaa huzimika nyingi ikiwa bado imo. Kama huamini, rudia kwa mishumaa mitatu chini ya glasi ileile. Maji yatapanda zaidi, na oksijeni uliyoanza nayo ni kiasi kilekile.

"Mbegu haioti bila udongo na jua." Weka maharage kwenye pamba iliyolowa, kikombe kimoja dirishani, kingine kabatini. Yote yataota. La kabatini mara nyingi hurefuka kulishinda la dirishani, shina jembamba, jeupe kama maziwa, likiutafuta mwanga ambao haupo. Chakula cha siku za mwanzo kimo ndani ya zile nusu mbili za punje. Kinachoharibu zoezi hili ni huruma ya mtoto: anamwagia maji mengi, mbegu inakosa hewa, inaoza.

"Cha nyumbani hakidhuru." Hapana. Jiki ikichanganywa na siki au dawa ya kusafishia choo hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Vitu hivyo visikae kabisa kwenye meza ya majaribio.

Na wapo wazazi wasiothubutu kuanza kwa kuhofia kuulizwa wasilolijua. Juzi mtoto wa miaka mitano alilitazama chungwa lililozama, akaokota maganda yake, akaniuliza: "Mwalimu, tukilivalisha tena, litaelea?" Nikamjibu sijui. Tukaenda kutafuta uzi.