Mojito ya nyumbani: mnanaa hausagwi

"Mojito niliyotengeneza nyumbani imekuwa chungu, nadhani ramu ni mbovu." Malalamiko haya kuhusu mojito, kinywaji baridi cha ramu, mnanaa, ndimu na maji ya soda, yanaletwa kaunta kila mara hapa Mtwara, na karibu kila mara ramu haina kosa. Kosa liko kwenye mchi.

Dhana: mnanaa ukipondwa sana ndipo ladha inatoka

Hapana, na hapana tena. Kitunguu saumu ndicho kinachotwangwa. Mafuta yenye harufu ya mnanaa yamo kwenye vifuko vidogo sana juu ya uso wa jani, na kuvipasua kunahitaji kugandamiza tu. Ukitwanga mpaka liwe rojo, unatoa utomvu wa kijani wenye ladha ya nyasi na uchungu. Vipande vinanasa kwenye meno, vinaziba mrija, na muda si mrefu vinageuka vyeusi.

Sukari ya chembe inaongeza tatizo: inakwaruza majani kama msasa, kisha haiyeyuki kwenye kinywaji baridi, inabaki chini ya glasi. Tumia shira. Kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji, pasha moto hadi iyeyuke, epua, ipoe. Kwenye friji inakaa wiki mbili.

Sasa fanya hivi. Glasi ndefu, majani 8 hadi 10, shira kijiko kimoja na nusu cha chakula, maji ya ndimu kiasi hicho hicho. Gandamiza kwa kitako cha mwiko mara nne au tano, majani yabaki mazima. Yakinukia, acha. Acha hapo hapo! Ramu nyeupe vijiko vitatu vya chakula (ml 45), barafu hadi juu, koroga. Malizia kwa maji ya soda yaliyopoa vizuri, kama ml 100, na uinue kijiko kutoka chini mara moja tu ili gesi isipotee. Kishada cha mnanaa cha kupamba kipige kofi kiganjani kabla ya kukichomeka. Harufu inayofika puani ni nusu ya utamu wote.

Na tafadhali, maganda ya ndimu yasiingie kwenye kugandamiza. Ile nyama nyeupe ya ganda ni chungu kuliko jani lenyewe.

Dhana: limau ni sawa na ndimu

Harufu ni tofauti. Ndimu ndogo mbili zinatosha, na zikamuliwe wakati wa kuchanganya. Maji yaliyokamuliwa asubuhi, jioni hayana uhai.

Dhana: barafu nyingi inafanya kinywaji kiwe majimaji

Ni kinyume chake, hasa kwa joto la Mtwara na Lindi. Vipande viwili vinayeyuka upesi kwa sababu kinywaji bado ni cha moto. Glasi ikijaa barafu, kinapoa haraka na barafu inadumu. Maji ya soda yakiwa ya vuguvugu yanaharibu kazi yote.

Dhana: Sprite inatosha

Ina sukari tayari. Ukiweka na shira, umetengeneza sharubati. Kama huna maji ya soda, tumia Sprite, acha shira kabisa na ongeza ndimu.

Dhana: pombe kali yoyote inafaa

Konyagi na ndimu ni kinywaji kizuri, ila si mojito. Ramu inatokana na miwa na ladha yake ni hiyo. Gongo ya mabibo ndiyo usiiguse kabisa. Hakuna aliyeipima, na methanoli, inayopofusha na kuua, haitambuliki kwa kuonja. Ndimu na mnanaa haviiondoi.

Dhana: ni kama juisi, hailevyi

Ml 45 za ramu ya asilimia 40 zina takriban gramu 14 za pombe halisi, zaidi kidogo ya kopo la bia la ml 330 lenye asilimia 5. Utamu na ubaridi vinaificha tu, kwa hiyo pima kwa kijiko kila glasi, hata ya tatu.