Macho yatatua wapi? Mtandao mdogo unatosha

Ukitazama picha, macho yako hayatembei taratibu. Yanarukaruka, yanatua hapa kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kule. Kazi yangu ni kuufundisha mtandao wa neva, programu inayojifunza kwa mifano, ukadirie yatatua wapi. Wanaoanza hupenda kuuliza waweke tabaka ngapi, yaani hatua ngapi za hesabu zinazofuatana.

Kwanza usiweke hata moja. Chora doa linalong'aa katikati na kufifia kuelekea kingoni, bila kuiangalia picha yenyewe. Kwenye MIT300, jaribio la picha 300 linalotumika kulinganisha modeli, doa hilo linapata 0.78 kwa AUC, kipimo cha jinsi makadirio yanavyotenga sehemu zilizotazamwa na zisizotazamwa. Anayebahatisha hupata 0.5. Modeli maarufu ya Itti, Koch na Niebur ya 1998, inayochambua rangi, mwanga na mielekeo ya mistari, ilipata chini ya hapo! Wapiga picha huweka jambo lenyewe katikati, nasi tunalifuata huko. Basi mtandao upewe doa hilo bure, usihangaike kujifunza.

Sasa anza kukata. VGG-16, mtandao maarufu wa kutambua vitu kwenye picha tunaoazima, ina vigezo (namba ambazo mtandao hujifunza) kama milioni 138, lakini zaidi ya milioni 102 vimelundikana kwenye tabaka moja, la kwanza kati ya yale matatu ya mwisho yanayoamua kama hiki ni kiti au paka. Sisi jina la kitu halituhusu. Ondoa yote matatu, unabaki na chini ya milioni 15. Konvolusheni, yaani tabaka za vichujio vidogo vinavyopitishwa juu ya picha nzima, nazo zina mafuta: ya 3×3 yenye chaneli (ramani za sifa za picha) 256 za kuingia na 256 za kutoka inabeba namba 589,824. Igawe kama wafanyavyo MobileNet, mitandao myepesi ya simu: kila chaneli ichujwe peke yake ndipo zichanganywe kwa 1×1, zinabaki 67,840.

Ila usikate kila kitu. Waliounda DeepGaze II, modeli ya kukadiria macho yatatua wapi, kule Tübingen, Ujerumani, waliiacha VGG-19, ndugu ya VGG-16 yenye tabaka zaidi, ilivyo, wakafunza tabaka chache za 1×1 juu yake tu. Baadaye wakajaribu kuitoa VGG yenyewe na kutumia mwanga na tofauti zake peke yake. Kwa baadhi ya picha modeli hiyo nyepesi ilishinda, lakini kwenye nyuso na maandishi ikaachwa mbali. Ndiyo maana kila nikipunguza tabaka napima picha zenye watu peke yake: wastani wa jumla unaweza kushuka kidogo tu, kumbe nyuso zote zimeshapotea.